Chakula cha Melini na Chakula cha Lindi

Kuna Lindi mbili. Moja ni mji wa bandari ulio kusini mwa Tanzania, ambako karibu yake majeshi ya K.A.R. yalipigana na Wajerumani mwaka 1917. Ya pili ni kijiji kimoja cha Kibera, mjini Nairobi, kilicho katika mteremko unaoshuka kuelekea Bwawa la Nairobi. Lindi hii ya pili haina bahari wala haikupata kuona meli. Walakini habari za meli zimefika huko, kwa sababu katika miaka hii ya karibuni vijana wa Kenya wamekuwa wakiajiriwa katika meli kubwa za watalii, wengine kutandika vitanda, wengine kupakua chakula, na wengine kupika. Kijana akipata kazi ya namna hiyo jirani zake hawamwulizi kwanza habari za mawimbi, wala za miji aliyoiona. Humwuliza alikula nini.

Watu wengi wa bara hudhani ya kuwa msafiri wa meli ya watalii hula vizuri kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Dhana hii ina sababu zake. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, yaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000, mbali na mabaharia na watumishi. Ina sitaha 20, na mahali pa kula na kunywa zaidi ya 20. Mtu aliyelipa nauli yake amekwisha lipa na chakula. Aweza kula asubuhi, akala tena saa nne, akala mchana, akala alasiri, akala usiku, na asipopata usingizi akainuka akala tena, wala hapana atakayemwuliza. Vinywaji vikali hulipiwa mbali, na kadhalika vyumba fulani vya chakula vilivyo vya fahari zaidi. Desturi hii ya kuweka chumba cha kulipia ndani ya meli si ngeni: meli ya Kijerumani iitwayo Amerika ilikuwa nayo tangu mwaka 1905, na aliyeusimamia mpango huo alikuwa César Ritz, yule bwana wa mahoteli.

Basi kijana mmoja wa Lindi, ambaye mama yake huuza chakula pale pale kijijini, alikwenda akafanya kazi miezi minane katika jiko la meli moja ya watalii, kisha akarudi likizo. Alikuwa amejifunza upishi mjini Nairobi. Mama yake alikuwa amemtangulia katika elimu hiyo, maana yeye alianza kupika kwa kuuza kabla kijana hajazaliwa, na kwa fedha ya maandazi na maharagwe ndiyo karo ililipwa. Jioni ya pili baada ya kurudi kwake walikusanyika watu kibandani, na mzee mmoja wa Kinubi, ambaye babu yake alikuwa askari wa K.A.R., akamwuliza swali lililoleta mabishano ya siku nyingi.

“Tuambie kweli, mwanangu,” alisema mzee. “Umekula huko na umekula hapa. Chakula kipi ni kizuri?”

Kijana alitazama chini. Mama yake alikuwa akisukuma chapati, naye alisikia kila neno.

“Mzee wangu,” alijibu, “kule kuna chakula kingi.”

Watu walicheka, lakini jibu lile halikuwa la mzaha. Mtu akipikia watu elfu tano hawezi kupika kama anayepikia watu arobaini. Katika jiko la meli kazi imegawanywa vipande vipande hata mpishi mmoja aweza kukaa mwezi mzima akikata matikiti na mananasi tu, asione sufuria. Kijana huyu alimenya vitunguu, kisha akahamishiwa matunda, kisha mayai. Wali hupikwa katika mitungi mikubwa ya mvuke, nyama hukatwa kwa mizani ili kila kipande kilingane na mwenzake, na mchuzi hufuata karatasi iliyoandikwa ofisini, mbali sana na meli, ili ladha ya Jumanne hii iwe sawasawa na ladha ya Jumanne iliyopita. Ladha hiyo si mbaya. Ni ladha ambayo haimchukizi mtu yeyote. Na chakula kisichomchukiza mtu yeyote katika watu elfu tano wa mataifa mbalimbali, aghalabu hakimfurahishi sana mtu yeyote pia. Pilipili hupunguzwa kwa ajili ya wazee, chumvi hupunguzwa kwa ajili ya wagonjwa, na samaki hutolewa miiba hata hajulikani ni samaki gani.

Lakini kuna jambo moja ambalo kijana alilisifu bila kusitasita, nalo ni usafi wa kazi. Meli zinazofika katika bandari za Marekani hukaguliwa na wakaguzi wa afya wa serikali ya nchi hiyo, ambao huja bila kutoa habari. Mpango huo ulianza katika miaka ya 1970, baada ya watu wengi kuugua matumbo safarini. Mkaguzi hutoa alama katika 100, na meli ipatayo 85 au chini yake huhesabiwa kuwa imeshindwa, na matokeo hutangazwa wazi ili kila mwenye kutaka ayasome. Chakula cha baridi hakina budi kuwekwa katika digrii 5 za sentigredi au chini ya hapo, na cha moto katika digrii 57 au zaidi. Chakula kilichokaa mezani nje ya vipimo hivyo hupewa saa nne tu, kisha hutupwa. Ubao wa kukatia nyama mbichi haukatiwi mboga. Mpishi mwenye kuharisha hafichi, kwa sababu akijulikana kuwa ameficha atapoteza kazi. Naye akisema hutengwa na jiko mpaka apone.

Hata hivyo magonjwa hayakukoma. Kuna virusi viitwavyo norovirusi, ambavyo huenea upesi sana mahali palipo na watu wengi na meza moja, na dawa za kupaka mikononi zenye alkoholi haziviwezi vizuri. Kinachofaa ni sabuni na maji yanayotiririka. Na mwaka 2020, meli ya Diamond Princess ilipozuiliwa katika bandari ya Yokohama kwa sababu ya korona, abiria walifungiwa vyumbani mwao, lakini wapishi na wapakuzi waliendelea kupika na kupeleka sahani mlango kwa mlango. Hesabu ya watumishi wa kwanza 20 waliothibitishwa kuugua ilionyesha kuwa 15 walikuwa watu wa chakula. Jambo hili halikuandikwa sana katika magazeti. Waliosomwa habari zao ni abiria.

Mama yake aliuliza swali moja tu usiku ule.

“Na hicho kinachotupwa baada ya saa nne, baba, nani hukila?”

“Hakuna, mama. Kinasagwa kwa mashine, kisha kinamwagwa baharini mbali na pwani.”

“Nyama pia?”

“Nyama pia.”

Hakusema neno. Aligeuza chapati.

Zamani mambo ya baharini hayakuwa hivi, na inafaa kuyakumbuka, maana pwani ya Afrika ya Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, wengi wa mabaharia wake walikuwa wagonjwa wa kiseyeye, ufizi ukivimba na kutoka damu, kwa sababu ya kula nyama ya chumvi na mikate mikavu miezi mingi bila tunda wala mboga. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa walipata nafuu, nao Wareno wakaisifu hewa ya mji. Mwaka uliofuata, katika kurudi kutoka Bara Hindi, walikaa baharini karibu miezi mitatu. Watu 30 hivi wakafa, na walipofika Malindi Januari 1499 kitu walichokililia wagonjwa kilikuwa machungwa. Mabaharia waliosalia walikuwa wachache hata ikawalazimu kuichoma moto meli yao moja. Ilipita miaka karibu 250 kabla ya daktari wa meli za Kiingereza, James Lind, kulijaribu jambo hili kwa utaratibu, mwaka 1747, alipowagawanya wagonjwa 12 wawili wawili na kuwapa wawili machungwa na limau kila siku. Hao wawili ndio walioamka upesi. Jina la daktari huyo linakaribiana na jina la kijiji hiki cha Kibera kwa bahati tu, wala lisimdanganye mtu. La ajabu zaidi ni kuwa baada ya kuonyesha jambo wazi namna hiyo, serikali yake ilikawia mpaka mwaka 1795 kuamuru mabaharia wote wapewe maji ya malimau. Na yule mfalme wa Mombasa alikwisha wapa watu wake Vasco da Gama dawa hiyo bila kuijua jina.

Na hata baada ya ugonjwa ule kushindwa, chakula cha melini kiliendelea kupimwa kwa daraja. Meli ya Titanic, siku ya mwisho kabla ya kuzama, yaani tarehe 14 Aprili 1912, iliwapa watu wa daraja la kwanza chakula cha usiku cha sahani zaidi ya kumi, moja baada ya moja. Watu wa daraja la tatu walipata chakula chao kikubwa mchana: supu ya wali, nyama ya ng’ombe ya kuoka, mahindi, viazi vya kuchemsha na kitindamlo, na usiku uji. Wengi wao walikuwa maskini wanaohama, na huenda nyumbani kwao hawakupata nyama ya kuoka kila siku, kwa hiyo haifai kuwahurumia kwa ajili ya uji.

Katika bahari hii ya Hindi meli zilizojulikana zaidi kwa wazee ni Kampala na Karanja za kampuni ya British India, zilizojengwa mwaka 1947 na 1948, ambazo zilikuwa zikienda na kurudi baina ya Bombay na pwani ya Afrika. Abiria wengi wa meli hizo hawakuwa na vyumba; walilala kwa safu katika nafasi za chini, na chakula chao kilitoka katika majiko ya mbali mbali, jiko la wasiokula nyama na jiko la wanaokula, ili mtu asitiwe najisi. Mpango huo wa majiko mawili ulikuwa wa heshima kuliko mambo mengi ya fahari yaliyofanyika katika sitaha za juu.

Kurudi kwa kijana wa Lindi. Yeye mwenyewe hakula chakula cha abiria, ila kuonja kazini. Watumishi wana chumba chao cha kulia chini, karibu na mitambo, na kwa kuwa wengi wao hutoka Ufilipino, Indonesia na India, wali huwapo asubuhi, mchana na usiku. Ugali haukuwapo. Mkenya mmoja wa Mombasa alikuwa na mfuko wa unga wa mahindi chini ya kitanda chake, na siku aliporuhusiwa kuusonga, Wakenya sita walikula kwa mikono wakiwa wamesimama, bila kuzungumza. Kwa mujibu wa Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013 na ambao Kenya imeukubali, baharia hulishwa bure maadamu yumo kazini, chakula cha kutosha na chenye kufaa, na dini na desturi yake vikiangaliwa. Na mpishi wa meli hana budi kuwa amefunzwa kazi yake. Mkataba huo huo unaweka kikomo cha saa 14 za kazi kwa siku na saa 72 kwa wiki. Mtu asome tena tarakimu hizo. Hicho ndicho kikomo cha juu ambacho sheria yenyewe inakikubali, na katika kazi ya jikoni kikomo hicho si nadra kufikiwa.

Yafaa kusema neno moja juu ya mawakala, kwa sababu vijana wa Kibera na Kawangware wanaotafuta kazi hizi hutozwa fedha nyingi na watu wenye ofisi za chumba kimoja na picha ya meli ukutani. Mkataba uliotajwa hapo juu unamkataza wakala kumtoza baharia malipo ya kupatiwa kazi. Kijana atajilipia cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Hata gharama ya viza ni juu ya mwenye meli. Anayeombwa zaidi ya hayo na aulize risiti, na auliza jina la meli, naye ataona jinsi bei inavyobadilika.

Sasa chakula cha Lindi. Mama huwasha jiko la makaa kabla ya alfajiri, kwa sababu watu waendao kwa miguu hadi Industrial Area hupita mapema. Hawa hutaka chai ya maziwa na maandazi mawili, au chapati na maharagwe, nao hula upesi. Saa sita huja mafundi, wauza nguo wa soko la Toi, na wanafunzi wenye shilingi chache mkononi: githeri, ugali na sukuma wiki, omena waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni, matumbo siku ya Ijumaa. Benchi ni moja, na watu saba huketi kwa kubanana. Mama anajua nani hataki kitunguu, nani ana kidonda cha tumbo, nani atalipa Jumamosi, na nani amesema atalipa Jumamosi tangu Pasaka. Majina ya wadeni yamo katika daftari lenye jalada la buluu. Upande wa juu wa kijiji, nyumba za Wanubi huuza gurusa asubuhi, na anayeijua gurusa ya moto kwa chai hahitaji kuelezwa. Kule Kawangware, karibu na kituo cha matatu, mjomba wake kijana huchoma mutura jioni. Mutura hutoka juu ya makaa, hukatwa mbele ya mlaji, hutiwa chumvi na pilipili, na huingia kinywani ungali ukitoa mvuke.

Kwa upande wa ladha, basi, hapana shaka Lindi imeishinda meli. Chapati ya mama hukaa nusu dakika baina ya kikaango na mkono wa mlaji. Chapati ya melini, kama ipo, imepikwa saa mbili kabla, ikafunikwa, ikapandishwa kwa lifti, ikawekwa chini ya taa ya joto, na aliyeipika hatamwona aliyeila. Kijana alisema ya kuwa katika miezi minane hakuna mtu aliyemwambia kuwa yai lake ni zuri. Si kwa ubaya wa abiria, ila walikuwa hawajui ni nani aliyelipika.

Lakini upande wa maji, Lindi imeshindwa vibaya. Hapa ndipo mtu apaswapo kustaajabu. Meli imo katikati ya maji ya chumvi, nayo huyachukua maji hayo hayo, ikayasafisha kwa mitambo, ikawapa watu elfu kadhaa maji ya kunywa, kupikia na kuogea siku zote. Lindi imo kando ya bwawa la maji baridi, lililojengwa mwaka 1953 liwe akiba ya mji, ambapo palikuwa na chama cha wapenda mashua na matanga yakionekana. Bwawa hilo limejaa tope, takataka na magugu, wala hakuna mwenye akili awezaye kunawa ndani yake. Maji ya kunywa hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na bomba likikauka bei hupanda mara mbili au zaidi kwa siku moja. Shirika la SHOFCO limepitisha mabomba juu ya nguzo katika sehemu za Kibera, ili yasipite katika mifereji ya uchafu na yasikatwe na wezi, na jambo hilo limesaidia. Lakini anayeuza chakula bado hununua maji kwa mtungi, na kila mtungi umo katika hesabu yake.

Kwa sababu hiyo sahani arobaini huoshwa katika beseni moja. Na beseni hilo ndilo lililoleta ugomvi nyumbani.

Wiki ya kwanza kijana alinyamaza. Wiki ya pili alimwaga maji ya beseni saa sita u nusu, wakati watu wamejaa, akatia mapya. Saa saba akayamwaga tena. Mama yake alimwita pembeni.

“Ukimwaga maji haya, mwanangu, unamwaga faida yangu.”

“Mama, maji yale yalikuwa meusi.”

“Yalikuwa meusi ulipokuwa mtoto, na ukasoma kwayo.”

Siku iliyofuata alimwaga maharagwe yaliyolala tangu jana bila kuchemshwa upya. Safari hii mama hakumwita pembeni. Alimwambia mbele ya watu kwamba hapa si melini, na kwamba yeye hana bahari ya kumwagia chakula. Wateja walikubaliana na mama, hasa wale wa daftari la buluu.

Yule mzee wa Kinubi ndiye aliyeituliza hali, na hakufanya hivyo kwa nasaha. Aliwakumbusha tu mambo ya mwaka 2017. Mwaka huo kipindupindu kilitembea Nairobi, na watu wa vijijini walilaumiwa kwa vibanda vyao. Lakini wengi wa waliougua pamoja mwezi wa Juni walikuwa wageni wa mkutano wa mambo ya afya, waliokula katika hoteli kubwa ya mjini, yenye vitambaa vyeupe na vijiko vinne kwa kila mtu. Mwezi uliofuata mahali pengine pa fahari palipata msiba huo huo, na mawaziri wakalazwa.

“Basi si umaskini peke yake,” alisema mzee. “Ni mkono na maji. Mwacheni kijana aseme alichojifunza, na mama aseme kinagharimu nini.”

Wakaketi wakahesabu. Kijana alileta karatasi, mama alisema tarakimu bila karatasi, kwa kuwa alikuwa nazo kichwani kwa miaka mingi. Walihesabu makaa, unga, mafuta, mitungi ya maji, na cheti cha afya cha mpishi ambacho sheria inataka kifanywe upya kila baada ya miezi sita. Ikaonekana kuwa beseni likibadilishwa mara nne badala ya mara moja, na ikiwekwa ndoo ya bomba na sabuni kwa kunawa, faida ya siku itapungua kiasi ambacho mama hataweza kukivumilia, isipokuwa bei ya chapati ipande. Na bei ya chapati ikipanda, jirani wa kibanda cha tatu hatapandisha yake.

Mama alifikiri siku mbili. Kisha aliweka ndoo. Si ndoo mpya. Ilikuwa ya rangi ya zamani, akatobolewa na fundi na kutiwa bomba dogo kwa fedha ya kijana. Beseni zikawa mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na maji ya kusuuzia ya zamu hii yakawa ya sabuni ya zamu ijayo, shauri ambalo halikutoka melini bali kichwani mwa mama, nalo lilipunguza mitungi karibu nusu ya ile iliyohesabiwa. Kijana alikiri kwamba mpishi mkuu wake angalilikubali. Maharagwe yaliyolala hayakumwagwa. Yalichemshwa mpaka yakatokota tena, kila asubuhi, mbele ya macho ya kijana, na juu ya hilo mama hakutaka kuzungumza zaidi. Bei ya chapati ilipanda kidogo.

Wateja kumi hivi walihama. Wengine walisema maji ya kunawa yanachelewesha watu. Wengine hawakusema kitu, walionekana tu kwenye benchi la jirani. Mafundi wawili walikuja wapya, wakasema wameiona ndoo. Mjomba wa Kawangware alipoambiwa habari hizi alicheka, akauliza kama sasa mutura nao utapimwa digrii; hata hivyo kijana alipokwenda kumtembelea aliukuta ule ubao wake wa kukatia, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukipanguswa kwa kitambaa, umekwanguliwa na kumwagiwa maji ya moto. Mjomba alisema ni mvua.

Likizo ilipokuwa imebaki wiki mbili, barua ya mkataba wa pili ilifika. Kijana angependa kubaki, na alisema hivyo. Mama hakumpinga wala hakumsihi, ila alifungua daftari la buluu akamwonyesha ukurasa wa wanaodaiwa. Mshahara wa mwezi mmoja wa melini ulikuwa zaidi ya faida ya kibanda ya miezi kadhaa. Wakakubaliana kwamba ataondoka, na kwamba fedha ya mwezi wa kwanza itanunua tangi la lita 500, ili maji yanunuliwe siku ya wingi, wala si siku ya shida. Fundi alipima mahali pa kuliweka, juu ya vigogo, nyuma ya kibanda, akasema ukuta wa jirani utaguswa kidogo. Jirani huyo ni yule wa kibanda cha tatu. Amesema ataruhusu, kwa sharti kwamba naye atauziwa maji kwa bei ile ile ya kununulia, na mama bado hajampa jibu.